Pesa Umelipa, Kiwanja Bado Si Chako

Muuzaji ameshahesabu pesa, mashahidi wametia sahihi, mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri. Mnunuzi anarudi nyumbani na karatasi mbili, kesho yake anaagiza matofali. Kama kiwanja hicho kina hati, jina lililomo kwenye daftari la Msajili wa Hati bado ni la yule aliyeuza.

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Anachouza mwenye hati ni haki ya kuitumia kwa miaka iliyobaki, iwe alipewa 33, 66 au 99. Ndiyo maana mauziano hayaishii kwa watu wawili. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mkataba uwe wa maandishi na Kamishna wa Ardhi ajulishwe, na kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi, miliki haihami mpaka uhamisho usajiliwe.

Mkataba si karatasi ya bure. Kwa mkataba huo unaweza kumfikisha muuzaji mahakamani, akalazimishwa kukamilisha au kurudisha pesa. Lakini unambana yeye tu. Usajili ndio unaokulinda dhidi ya watu wengine wote. Katikati ya hatua hizo mbili ndipo kiwanja kimoja kinapouzwa mara mbili, au kinapowekwa rehani benki huku wewe unachimba msingi.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wanalipuuza, nalo linaniumiza kila ninapolikuta kwenye majalada: mwenza wa muuzaji. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke au mume, hata kama hati ina jina moja tu. Ukiambiwa “mke wangu anajua”, omba mama mwenyewe aje asaini. Kutomwuliza ni kumdhulumu yeye, na ni kujinunulia kesi.

Vivyo hivyo kwa hati ya marehemu. Kifungua mimba hana mamlaka ya kuuza kwa sababu tu ndiye mkubwa. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Halafu kuna kodi. Faida ya mauzo hutozwa kodi, na mzigo huo ni wa muuzaji, lakini bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato (TRA) uhamisho hausajiliwi. Muuzaji akishatoweka na pesa zote, anayekwama ni mnunuzi. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi, omba upekuzi rasmi wa hati hiyo kwa Msajili. Kisha lipa kwa awamu, na awamu ya mwisho itoke siku jina lako litakapoingia kwenye daftari.