Swali la Mtoto na Barafu ya Ubuyu



Katika nyumba nyingi za huku kwetu Temeke, na vivyo hivyo Kinondoni na Mbagala, mama wa nyumba ana biashara yake ndogo ya barafu. Huchemsha ubuyu au ukwaju, akautia sukari, akaujaza katika vifuko, akavifunga na kuvipanga ndani ya jokofu. Jua la adhuhuri likiwa kali, watoto wa mtaa huja mlangoni na sarafu zao. Ni chumo la halali, na wengi wa watoto tunaowasomesha hulipiwa ada ya chuo kwa barafu hizo.

Siku moja, tulipokuwa tumekwisha kusomesha na tukingojea adhana ya alasiri, mtoto mmoja wa miaka kumi hivi alitukaribia akauliza: "Maalim, mbona mama akitia ubuyu ungali moto, huganda upesi kuliko ule uliokwisha kupoa?"

Tulimjibu bila ya kufikiri. Tulimwambia: "Wewe hukutazama vizuri. Cha moto hakiwezi kukitangulia cha baridi. Rudi ukakae, udurusu juzuu yako." Wenzake wakamcheka, na sisi, twakiri mbele yenu, tulicheka pamoja nao.

Tangu siku hiyo mtoto yule hakuuliza tena neno lolote, si la barafu wala la dini. Hata tulipofika katika mlango wa udhu, ambapo kila mtoto huwa na maswali, yeye alinyamaza kimya. Nasi tuliuona ukimya wake kuwa ni adabu njema, hata tukamsifu kwa baba yake.

Miezi ikapita. Katika mwezi wa Ramadhani alikuja kutuamkia mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa anasoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Mlimani. Baada ya kufuturu tulimsimulia habari ya ubuyu wa moto kuwa ni kichekesho. Yeye hakucheka. Aliinamisha kichwa, kisha akasema kwa adabu: "Maalim, kwa ruhusa yako, swali hilo lina jina duniani kote, na jina lenyewe ni la Mtanzania." Kisha akatueleza kisa ambacho sisi, pamoja na mvi zetu, tulikuwa hatujapata kukisikia. Tunakileta kwenu kwa sababu kina funzo kwa kila mwenye mtoto nyumbani.

Mwaka 1963, kabla ya Tanganyika kuungana na Zanzibar, kijana mmoja jina lake Erasto Mpemba alikuwa akisoma kidato cha tatu katika shule ya Magamba, katika milima ya Usambara. Wanafunzi wa shule hiyo walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu. Walinunua maziwa, wakayachemsha, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika friji. Lakini nafasi ndani ya friji ilikuwa chache na wenye kuitaka walikuwa wengi. Siku moja Mpemba alikuwa akichemsha maziwa yake, akamwona mwenziwe akichanganya maziwa na sukari bila ya kuyachemsha, ili awahi chombo. Mpemba alitambua kwamba akingoja yake yapoe atakosa nafasi iliyobaki. Basi akayatia vivyo hivyo yakiwa moto, huku akijua kwamba huenda akaiharibu friji.

Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yamekwisha ganda, na ya mwenziwe yalikuwa yangali uji mzito. Akamwendea mwalimu wake wa fizikia akamwuliza sababu. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kuwa.

Tulipofika hapo katika hadithi, tulihisi jasho likitutoka, kwani jibu hilo lilikuwa ni letu hasa.

Mpemba hakukata tamaa. Katika mji wa Tanga alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu, naye akamwambia kwamba yeye hutia maziwa yakiwa moto makusudi, ili yawahi kuganda. Tazameni basi, ndugu wasomaji: muuza aiskrimu wa Tanga alikuwa akilijua jambo ambalo darasani lilikataliwa. Baadaye Mpemba akaendelea na masomo ya juu huko Mkwawa, Iringa. Akauliza tena, na safari hii mwalimu akamfanyia mzaha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake, wala si ya ulimwengu. Mzaha huo ukashika. Kila alipokosea hesabu, wenziwe walimkumbusha fizikia yake. Hata hivyo, siku alipoikuta maabara ya elimu ya viumbe iko wazi, alichukua vyombo viwili vilivyo sawa, kimoja akakitia maji ya bomba na kimoja maji ya moto, akaviweka mahali pa kugandishia. Baada ya saa moja barafu ilikuwa nyingi zaidi katika kile cha moto.

Sasa mlango wa faraja ukafunguka. Alikuja shuleni mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Daktari Denis Osborne, mtaalamu wa fizikia, kuwahutubia wanafunzi. Chuo hicho kilianza mwaka 1961 katika jengo la mjini, mtaa wa Lumumba, na mwaka 1964 kikahamia kilimani, mahali palipohesabiwa kwa miaka mingi kuwa ni wilaya ya Kinondoni na ambapo sasa ni Ubungo. Baada ya hotuba, wanafunzi waliruhusiwa kuuliza. Mpemba akasimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vilivyo sawa, vyenye maji ya kiasi kimoja, kimoja kikiwa na joto la digrii 35 na kingine digrii 100, ukaviweka pamoja katika friji, kile cha digrii 100 huganda kwanza, ni kwa nini?

Wanafunzi walicheka, na wengine waliona amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne naye, kama alivyokuja kuandika mwenyewe, alidhani kijana amekosea. Lakini alitabasamu, akamwuliza kama kweli amelijaribu jambo hilo, na aliposikia kwamba amelijaribu, akaahidi kwamba akirudi Dar es Salaam naye atajaribu. Hakusema ndiyo wala la. Alisema tutajaribu.

Hapo ndipo ilipo siri ya maisha ya wanafizikia. Sisi tulio nje ya kazi hiyo twadhani kwamba mwanafizikia ni mtu anayejua majibu. Kumbe siku zake nyingi hupita katika kazi ya kuchosha: kupima maji, kusoma kipimajoto, kuandika saa, kumwaga, na kuanza upya. Osborne alimpa fundi wa maabara kazi ya kulijaribu swali hilo. Fundi akaleta habari kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuanza kuganda, lakini akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi! Na hiyo ndiyo hatari inayotufika sisi sote: tukishaamini jambo, hata macho yetu twayaambia yarudi yakatazame tena.

Waliporudia, jambo lilisimama vile vile. Ndipo wakaanza kutafuta sababu, moja baada ya nyingine. Je, ni kwa kuwa maji ya moto hupungua kwa mvuke, yakabaki machache? Walimimina mafuta juu ya maji ili kuzuia mvuke. Je, ni kwa kuwa chombo cha moto huyeyusha sakitu iliyo chini yake, kikagusa ubaridi vizuri? Waliweka vyombo juu ya ubao usiopitisha joto. Je, ni hewa iliyoyeyuka ndani ya maji? Walitumia maji yaliyokwisha kuchemshwa, ili hewa iwe imetoka. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika makala kwa pamoja katika jarida la Uingereza la mafunzo ya fizikia, mwanafunzi na mtaalamu, majina yao mawili yakiwa juu ya ukurasa mmoja. Mwaka ule ule mtaalamu mmoja wa Canada, Kell, naye aliandika juu ya jambo hilo hilo.

Ikabainika pia kwamba wahenga wa elimu walikwisha kulisema. Aristotle wa Uyunani alilitaja, na katika karne ya 17 Bacon na Descartes wakaliandika. Lakini lilikuwa limesahauliwa, mpaka mtoto wa shule aliyegombea nafasi ya kuweka maziwa yake alipolifufua.

Na je, Mpemba mwenyewe aliishi maisha ya kufungiwa maabarani? Sivyo. Makala yale yalipotoka, alikuwa akisoma katika chuo cha wanyama pori kule Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, na kazi yake ya maisha ikawa ya wanyama na mapori. Wala Osborne hakuishi katika vyombo vya kioo tu; miaka ya baadaye aliiwakilisha Uingereza kama balozi nchini Malawi. Twaona basi kwamba jicho la utafiti halichagui mahali. Anayezoea kutazama friji kwa makini ataweza kutazama nyayo za mnyama porini kwa makini.

Msidhani kwamba swali limekwisha. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora ya jambo hili, na majibu zaidi ya 22,000 yakapokelewa. Mwaka 2016 wataalamu Burridge na Linden walipima kwa uangalifu mkubwa, nao wasipate ushahidi kwamba maji ya moto hupoa upesi zaidi. Wakaonyesha kwamba kipimajoto kikipandishwa au kushushwa kidogo tu ndani ya chombo, jibu laweza kugeuka. Kisha mwaka 2020 wataalamu wawili wa Canada, Kumar na Bechhoefer, waliionyesha ajabu hiyo, si kwa kugandisha maji, bali kwa punje ndogo mno isiyoonekana kwa macho. Baada ya zaidi ya nusu karne, wakubwa wa elimu wangali wakibishana juu ya swali ambalo sisi tulilimaliza kwa kicheko kimoja.

Mgeni wetu alipoondoka usiku ule hatukupata usingizi. Tulikumbuka kwamba katika umma wetu alikuwako Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufariki Cairo mnamo 1040. Wengi waliomtangulia walisema kwamba jicho hutoa miali ikavigusa vitu. Yeye hakutosheka na ukubwa wa majina yao. Aliingia katika chumba chenye giza, akaichunguza nuru ipitayo katika tundu dogo, akafundisha kwamba nuru ndiyo inayoingia jichoni. Ikiwa yeye alithubutu kuwauliza wakubwa, kwa nini mtoto wa Temeke asimwulize maalim wake?

Baada ya Idi tulimwita mtoto yule mbele ya wenzake wote, tukamwomba radhi. Tulisema: "Siku ile sisi ndio tuliokosa kutazama." Kisha tukaleta vikombe viwili vya bati vilivyo sawa, tukavitia maji ya kiasi kimoja, kimoja ya mtungini na kimoja ya moto kutoka katika chupa ya chai, tukavipeleka katika jokofu la jirani. Tulifanya hivyo siku nne, na watoto wakaandika daftarini. Mara tatu maji ya mtungini yalitangulia. Mara moja, siku ya tatu, yalitangulia yale ya moto, nao watoto wakapiga takbira hata jirani akatoka kutazama kuna nini.

Hatukudai kwamba tumethibitisha chochote. Lakini mtoto yule, aliyenyamaza kwa miezi mingi, alinyosha kidole akauliza: "Maalim, na tukivifunika vikombe?" Wallahi, swali hilo lilitufurahisha kuliko juzuu iliyosomwa bila ya kosa. Juma lililofuata aliuliza masuala matatu ya udhu.

Enyi wazazi, mkitaka kulijaribu jambo hili nyumbani, tumieni vikombe vya bati wala si vya gilasi, kwani gilasi yaweza kupasuka. Msitie maji yanayochemka. Na mtu mzima awepo. Na mtoto wenu akiwauliza jambo msilolijua, msimwambie kuwa haliwezi kuwa. Mwambieni, "Njoo tutazame," na kama hamna wasaa, mwambieni, "Nikumbushe kesho," na kesho mtimize. Ukimya wa mtoto si adabu kila wakati. Pengine ni mlango tulioufunga wenyewe, nasi tumekaa nje yake tukiusifu.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyavunja katika nyoyo za watoto, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Wallahu aalam.