Vitamini K: Sindano Moja Inayomkinga Mtoto Asivuje Damu

Ini hutengeneza protini zinazogandisha damu, na kadhaa kati yake hazifanyi kazi bila vitamini K. Sisi wakubwa huipata katika mchicha, kisamvu na sukuma wiki. Mtoto huzaliwa na akiba haba mno, kwa kuwa vitamini hii hupenya kwa shida kwenye kondo la nyuma, na katika maziwa ya mama imo kidogo sana.

Ndiyo maana baadhi ya watoto wachanga huvuja damu bila kuumia. Katika wiki ya kwanza damu hutoka kitovuni, puani, kwenye choo au penye kidonda cha tohara. Hatari kubwa zaidi huja kati ya wiki ya pili na mwezi wa sita. Mtoto anayenyonya vizuri na kuonekana mzima huweza kuvujia damu ndani ya ubongo, akafariki au akabaki na ulemavu.

Kinga yake ni nyepesi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtoto achomwe miligramu 1 ya vitamini K kwenye msuli baada ya ile saa ya kwanza ya kulala kifuani kwa mama. Njiti hupimiwa dozi kwa uzito. Matone ya mdomoni yapo, ila lazima yarudiwe, na mwenye ugonjwa wa ini hayamfai sana.

Wapo wazazi wanaoiogopa sindano hii. Mwaka 1992 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliihusisha na saratani ya utotoni. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuthibitisha hilo. Hofu kwamba huleta manjano nayo ilitokana na menadioni, aina ya zamani ya vitamini K iliyovunja chembe nyekundu za damu. Inayotumika sasa ni fitomenadioni.

Mjamzito anayetumia rifampisini ya kifua kikuu, au fenitoini ya kifafa, awaeleze wakunga mapema, kwani mtoto wake anaweza kuvuja damu siku ile ile ya kuzaliwa.

Kwa watu wazima, vitamini K huzima nguvu iliyozidi ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na hutibu sumu za panya za jamii hiyo. Haiondoi nguvu ya heparini wala rivaroksabani, ambazo nazo huzuia damu kuganda. Huchukua saa kadhaa kufanya kazi, hivyo anayevuja damu nyingi huhitaji tiba nyingine pamoja nayo. Ikipitishwa mshipani huingizwa polepole, maana mara chache huleta mzio mkali unaoweza kuua. Anayemeza warfarini asiache mboga wala asizizidishe ghafla. Ale kiasi kile kile.

Mzazi, kabla hujatoka wodini, uliza kama mwanao amechomwa vitamini K na imeandikwa kwenye kadi. Ukiona damu, degedege au kulegea, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.