Utangulizi: Kidonge na Chungu

Mgonjwa wa saratani aliyetoka Muheza au Pangani, mkoani Tanga, kwenda taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, alizoea kutundikiwa dawa kwenye dripu, muuguzi akiwa karibu. Siku hizi wengine hurudi na basi, vidonge vya mwezi mzima vimo mkobani. Nyumbani anayewapokea ni mpishi. Ndiyo maana elimu ya vidonge hivi inaanzia jikoni.

Nianze na nazi. Kidonge hakina faida mpaka kiyeyuke, kipenye ukuta wa utumbo na kuingia damuni. Zipo dawa zisizoyeyuka vyema katika maji. Mlo wenye mafuta huita nyongo, na nyongo huziyeyusha kupita kiasi. Abirateroni, dawa ya saratani ya tezi dume, ikifuatana na mlo wa mafuta mengi huingia damuni hadi mara 10 ya ile iliyomezwa tumbo likiwa tupu. Kwa hiyo bakuli la mhogo wa nazi, futari tuipendayo Tanga nzima, linaweza kugeuza dozi bila mtu kuongeza kidonge hata kimoja.

Jambo hili limewafikirisha wataalamu. Mwaka 2018 Russell Szmulewitz wa Chicago na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 72: miligramu 250 za abirateroni pamoja na kifungua kinywa chenye mafuta kidogo hazikuwa duni, kwa kipimo cha damu cha PSA, kuliko miligramu 1000 za tumbo tupu. Kidonge kimoja badala ya vinne! Kwa nchi ambako familia huuza shamba kununua dawa, swali la dozi ndogo nalihesabu kuwa la haki. Lakini utafiti ni mdogo. Asijipunguzie mtu dozi mwenyewe.

Dawa nyingine hutaka kinyume cha tumbo tupu. Kapesitabini humezwa ndani ya nusu saa baada ya kula. Imatinibu hutaka chakula na bilauri kubwa ya maji, kwa sababu huchoma tumbo. Balungi nalo huzima kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa kadhaa, imatinibu ikiwemo, zikaweza kuzidi damuni.

Bahasha ya dawa ikiandikwa 1×2 tu, usiondoke dirishani. Muulize mfamasia: kabla ya kula au baada, na kwa muda gani? Na Ramadhani ikikaribia, zungumza na daktari wako kabla hujanuia kufunga.