Tujikinge na Kiseyeye

Fizi zinazovimba na kutoka damu zaweza kuwa dalili ya kiseyeye, ugonjwa uletwao na upungufu wa vitamini C. Zamani mabaharia wa Ulaya walioupata walitafuta kokilearia, mmea wa porini uotao kwenye pwani za baridi za kaskazini. Walikula majani yake mabichi wakapata nafuu.

Hapa Litumbandyosi tutumie mchicha, mgagani na mapera. Moto mwingi na kuanika juani huharibu vitamini C. Mama, osha mboga kabla ya kuikata, ipike muda mfupi, usimwage maji yake. Mgagani ukiwa mchungu ukamwaga maji, wape watoto mapera baada ya ugali. Fizi zikizidi kutoka damu, wahi zahanati.