Kompyuta Moja, Mifumo Miwili

Fikiria meli isafiriyo usiku kutoka Mwanza kwenda Bukoba. Melini waweza kuwamo manahodha wawili, lakini kwa wakati mmoja huongoza mmoja tu.

Kompyuta nayo huongozwa na programu kuu iitwayo mfumo endeshi. Kompyuta moja yaweza kuwekewa mifumo miwili, kwa mfano Windows na Linux. Kila mfumo hukaa katika sehemu yake ya diski. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, hupatikana bila malipo.

Fuata hatua hizi:

1. Nakili kazi zote kwenye diski nyingine. Umeme ukikatika wakati diski inagawanywa, kazi zote zaweza kupotea.
2. Gawanya diski sehemu mbili.
3. Weka Windows kwanza, kisha Linux. Linux huja na programu ndogo ya kuchagulia mfumo.

Sasa washa kompyuta. Orodha ya mifumo miwili itaonekana kwenye kioo. Chagua mmoja. Usipochagua, baada ya sekunde chache utaanza ule uliopangwa kutangulia. Ukitaka mfumo wa pili, sharti uzime kompyuta na kuiwasha upya.

Maswali

1. Kwa nini tunanakili kazi kabla ya kugawanya diski?
2. Utafanya nini ili kuhama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine?