Kopo lenye shuke la mpunga: mchele, singo na uso wa bi harusi

Mwezi mmoja kabla ya harusi yake, mtoto wa kaka yangu alikuja nyumbani kwangu Al Khoudh akaniambia, "Shangazi, nataka unisinge wewe mwenyewe. Sitaki singo ya paketi." Nilifurahi, wallahi. Siku hizi hapa Muscat singo unaiagiza kwa simu, inaletwa mlangoni, na anayemsinga bi harusi ni mtu wa saluni anayetazama saa. Nikamwambia haya, wewe lete mchele, mawaridi nitatafuta mie.

Alipokuwa anaaga ndipo nilipomwona uso vizuri, kwenye mwanga wa mlangoni. Mashavu mekundu. Ngozi imekuwa nyembamba, inang'aa kama nailoni, vimishipa vinaonekana pembeni mwa pua, na kidevuni ana vichunusi ambavyo hakuwa navyo hata alipokuwa skuli. Nikamuuliza anapaka nini. Akatoa mkobani kopo dogo jeupe lililochorwa shuke la mpunga.

"Ni mchele tu, shangazi. Kitu cha asili."

Hayo maneno matatu, "ni mchele tu", ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Kwa sababu mchele naujua. Nimesingwa nao, nimesinga nao watu, na sasa kila nikifungua simu nauona umegeuzwa sabuni, maji ya uso, barakoa na krimu. Sehemu ya yanayosemwa ni kweli. Sehemu nyengine ni biashara inayopita mlango wa bibi zetu.

Chenga, liwa na jiwe

Kwetu Unguja mchele wa singo haukuwa mchele mzima. Mzima ni wa kula. Bibi alikuwa akipepeta, anazitenga chenga kwenye kikapu kidogo, na chenga hizo ndizo zilizongoja harusi. Zikioshwa mpaka maji yatoke meupe kidogo tu, zinarowekwa usiku kucha, asubuhi zinachujwa na kuanikwa kivulini juu ya kanga safi. Si juani, maana jua linazikausha nje na ndani zinabaki na unyevu, na baada ya siku mbili unga unanuka. Kisha kinu. Sisi wasichana wadogo ndio tuliotwanga, na bibi akija anachukua unga kidogo anausugua baina ya vidole viwili. Akihisi punje hata moja, anaturudishia. "Hii ni ngozi ya mtu, si sufuria."

Wakati huo mtu mwengine anasaga liwa kwenye jiwe na marashi ya mawaridi, na mwengine anachambua maua yaliyokaushwa: asumini, waridi, kilua, mlangilangi. Manjano kidogo. Karafuu kidogo sana, kwani karafuu ikizidi inachoma. Vyote vinachanganywa na ule unga, na bi harusi anasuguliwa mikono, mgongo, miguu, mpaka taka na ngozi iliyokufa zinatoka kwa vipande vipande kama mabaki ya raba kwenye daftari.

Sasa mchele ulikuwa unafanya nini mle? Kazi yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Wanga wa mchele una chembe ndogo mno, unanyonya mafuta na jasho, ukianza kukauka unashika taka, na ukisuguliwa unaondoka nazo. Ukisagwa vizuri haukwaruzi. Pia unabeba harufu: yale maua na liwa yangeteleza yakaanguka kama hakuna kitu cha kuyashikiza mwilini. Bi harusi alitoka laini na ananukia mpaka chumba cha pili. Hilo ndilo lililotakiwa. Simkumbuki bibi hata siku moja akisema singo inamfanya mtu awe mweupe. Alisema "inamng'arisha", na kung'aa ni jambo jengine. Hata kabati la mninga hung'aa.

Ukungu wa Kijapani na hesabu ya muuzaji

Wala wali wengine nao walikuwa na njia zao. Kule Japani, kabla sabuni haijawa kitu cha kila nyumba, wanawake walijaza pumba za mchele kwenye kifuko cha kitambaa, wakakilowesha na kujisugulia uso na mwili. Pumba ndiyo sehemu tajiri ya punje: ina mafuta, ina vitamini E, ina asidi ya feruliki, na ina kitu kinachoitwa orizanoli, kilichotambuliwa hukohuko Japani miaka ya 1950 kutoka kwenye mafuta ya pumba. Ukiona krimu nzuri imeandikwa kuwa ina mafuta ya pumba za mchele, hiyo ina maana. Yanalainisha, na husaidia ngozi isikauke.

(Lakini tafadhalini, msiniagizie pumba kutoka Pemba kwenye sanduku la nguo. Nimeombwa hilo zaidi ya mara moja. Mpunga ukishakobolewa, mafuta yaliyomo kwenye pumba huanza kuchacha upesi sana. Mpaka lifike Muscat, mtapata harufu ya banda la kuku.)

Hadithi ya weupe ndipo inapoanzia, huko huko Japani. Mwaka 1907 mtaalamu wa Kijapani aitwaye Saito alipata asidi mpya kutoka kwenye ukungu uliooteshwa juu ya mchele wa kupikwa kwa mvuke. Ukungu huo Wajapani wanauita koji, na ndio wanaochachushia miso na sosi ya soya. Asidi hiyo ikaja kuitwa asidi ya kojiki. Baadaye ikajulikana kwamba inazuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, yaani ile rangi ya ngozi. Kwa hiyo ikaingizwa kwenye krimu za kupunguza madoa.

Muuzaji anaichukua habari hii anaipigia hesabu yake: asidi inatoka kwenye mchele, asidi inapunguza rangi, basi mchele unafanya weupe. Mwanafunzi akiniletea hesabu hiyo ningemrudishia daftari. Asidi imetengenezwa na ukungu, mchele ulikuwa chakula chake tu. Mchele uliouroweka jikoni hauna asidi ya kojiki. Ni sawa na kusema kwa kuwa siki inatengenezwa kwa tende, basi anayekula tende anakunywa siki. Na hiyo asidi yenyewe si ya kuchezea: Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 1 kwenye vipodozi vya uso na mikono.

Maji ya mchele kwenye joto la Muscat

Nisije nikaonekana nimekuja kuubomoa mchele. Mwaka 2002 watafiti wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Walitia wanga wa mchele kwenye maji ya kuogea, watu ambao ngozi yao ilikuwa imeharibiwa na kemikali ya sabuni wakaloweka hapo dakika 15, mara mbili kwa siku. Ngozi ilipona vizuri zaidi, kwa kadiri ya asilimia 20. Wenye ngozi ya ukurutu nao walipata nafuu. Mimi nilipoisoma habari hii nilimkumbuka mama, aliyekuwa akitumwagia maji ya mchele mwilini tukitoka vipele vya joto. Na nani asiyejua vipele vya joto akiwa Oman mwezi wa Juni?

Basi anayetaka kutumia, atumie hivi. Nusu kikombe cha mchele, osha mara moja umwage. Tia maji safi vikombe viwili, acha nusu saa, koroga kwa mkono, chuja. Nawia uso uliokwisha kuoshwa, acha dakika chache, suuza. Yaliyobaki tia friji na yatumike siku mbili au tatu, basi. Usiyaache juu ya meza ya jikoni "yachache" kama unavyofundishwa kwenye video. Mchele una mbegu za bakteria ambazo hata moto wa kupikia haziziui zote, na zikipata uvuguvugu zinazaana. Ndio maana wali uliolala nje unaumiza tumbo. Sasa maji hayo unayapeleka kwenye chunusi iliyopasuka, unatarajia nini?

Unga wa mchele, usugue mwilini mara moja kwa wiki, usoni kwa mkono mwepesi sana. Mwenye chunusi au ukurutu uliopasuka asisugue kabisa, na mtoto mchanga mwenye ngozi iliyochanika apelekwe kwa daktari kwanza. Kitu kipya chochote, kipake kwanza ndani ya kiwiko, ungoje siku moja au mbili.

Na ndimu. Nawaomba sana juu ya ndimu. Kila ninayemsikia anachanganya unga wa mchele anaongeza ndimu "ikate taka". Maji ya ndimu yakiwa kwenye ngozi na jua likipiga, yanaunguza. Yanatoa malengelenge, kisha madoa meusi yanayokaa wiki na miezi. Kwa jua la hapa kwetu, mtu ametoka tu kuingia garini yameshamkuta.

Kilichokuwemo koponi

Narudi kwa mwanangu. Nilimchukua kesho yake kwa daktari wa ngozi, na kopo tukaenda nalo. Daktari hakuhitaji kulipeleka maabara. Aliligeuza, akatuonyesha kwamba halina orodha ya viambato, halina jina la kiwanda wala anwani, kisha akamshika kidevu akamtazama chini ya taa. Akasema uso huu ni wa mtu aliyepaka steroidi kali kwa miezi. Hiyo ni dawa inayoandikwa kwa ukurutu mkali, kwa siku chache na kwa sehemu ndogo. Ukiipaka kila usiku usoni, mwanzoni inakufurahisha: chunusi zinalala, rangi inafifia, watu wanasifu. Halafu ngozi inakonda, mishipa inatokeza, vinyweleo vinaota, jua linauma. Ukiacha ghafla, uso unawaka moto. Akampa utaratibu wa kuiacha, na krimu ya kuzuia jua, na akasema ngoma bado mbichi.

Kwa jina letu la mtaani, ule ulikuwa mkorogo. Tofauti ni picha ya shuke tu.

Daktari alisema tumshukuru Mungu kama hakuna zebaki. Krimu nyingi za kujichubua zimekutwa nayo. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba zebaki inaharibu figo, na haimdhuru mpakaji peke yake, inahamia kwenye taulo, kwenye mto, kwa mtoto anayebusiwa. Mataifa yalikubaliana katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kuondoa vipodozi vya namna hiyo sokoni, lakini kopo linalouzwa kwa ujumbe wa simu halipiti sokoni. Kwa hiyo likija kwako bila viambato, au likikuahidi weupe ndani ya siku saba, jua kwamba mchele hauna nguvu hiyo. Kuna kitu chengine mle.

Garini nilimuuliza kwa nini. Alinyamaza mpaka tukavuka mzunguko wa pili. Akasema siku walipokuja kutazamana, mama mmoja wa upande wa bwana harusi alimwambia mwenzake, kwa Kiswahili, hakujua kama binti anasikia: "Mzuri, lakini dada yake ndiye aliyeumbwa."

Nikaanza kumlaani yule mama. Mwanangu akanikata. "Shangazi, hata nyinyi mnasema."

Na ni kweli. Siku aliyozaliwa nilikuwepo. Nilimfunua kanga, nikamtazama masikio, maana wazee wanasema rangi ya mtoto inatazamwa masikioni, nikasema mbele ya mama yake, "Huyu kachukua kwa babu yake." Watu wakacheka, nami nikacheka. Miaka ishirini na nne nimemwita "mweusi wangu" nikidhani nambembeleza, na dada yake nikimwita "mwezi". Sikujua kama alikuwa anahesabu. Sisi familia zetu zimechanganyika, Unguja na Nizwa na Mrima humo humo, ndugu wa tumbo moja wana rangi tatu, na bado tunawapanga kama vitambaa dukani. Nilimwomba radhi palepale, kwenye foleni ya magari. Akasema "haya", kwa namna ambayo sikuijua ina maana gani.

Singo tuliifanya. Daktari alikataza uso usiguswe, basi tukaanzia shingoni kwenda chini. Nilizisaga chenga mwenyewe, kwa mashine ya kahawa, Mungu amrehemu bibi asingekubali. Liwa nilikuwa nayo ya zamani. Siku tatu, jioni, na mama yake na dada yake wakisugua mguu huu na huu. Siku ya tatu ananukia, na mikono yake ile ile ya rangi ya kahawa ilikuwa laini, inang'aa. Usoni alikuwa bado mwekundu, na harusini alipakwa vipodozi kuliko alivyotaka. Mpaka leo, miezi mitano baadaye, akitoka juani bila krimu yake uso unamuwasha.

Kopo lile nililiomba nikalihifadhi kabatini, nimwonyeshe atakayebisha. Wiki iliyopita jirani yangu kaniletea la binti yake nilitazame. Jina jengine, rangi ya waridi badala ya nyeupe, na ubavuni limechorwa shuke lile lile.