Usimwoshe mbwa wako kabla ya kumchana

Je, unafuga mmoja wa wale mbwa wadogo wenye manyoya marefu ambao siku hizi huonekana sana katika mitaa ya Nairobi? Ikiwa ndivyo, huenda kila Jumamosi unamtia kwenye karai, unamsugua kwa sabuni, unamwacha akauke juani na kuridhika kwamba kazi imekwisha. Kwa bahati mbaya, huenda ni kuosha huko kunakomdhuru.

Jirani yangu mmoja alikuwa na mbwa wa aina ya Maltese, mweupe kama pamba, ambaye alimpa jina Simba ingawa hakuzidi uzani wa kilo nne. Alimwosha kila wiki bila kukosa. Baadaye Simba alianza kunuka, akawa hataki kushikwa, na siku moja akamwuma mtoto wa nyumba hiyo aliyekuwa akimpapasa sikio. Daktari wa mifugo alipomnyoa alikuta manyoya ya nyuma ya masikio na ya kwapani yameshikamana kama mkeka. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, yenye vidonda, na kidonda kimoja kilikuwa na mabuu ya nzi. Kwa juu, mbwa alionekana safi kabisa.

Manyoya ya mbwa kama Maltese, Shih Tzu na Yorkshire Terrier hukua kwa muda mrefu bila kukatika. Yale yanayong'oka hayaanguki chini kama ya mbwa wengine, bali hunaswa katikati ya yale yaliyobaki. Mahali panaposuguana, kama vile nyuma ya masikio, kwapani, ndani ya mapaja, chini ya mkia na chini ya mkanda wa shingoni, manyoya hayo hujisokota yakawa fundo. Ukimwagia fundo hilo maji na sabuni kisha likauke, hukazika jinsi sweta ya sufu inavyojikunja ikifuliwa kwa maji moto. Unyevu hubaki chini yake, joto nalo halikosekani, na viini hupata mahali pazuri pa kuzaana. Isitoshe, ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko ya binadamu, na fundo huivuta kila anapopiga hatua.

Kwa hivyo, chana kwanza. Mweke mbwa juu ya meza iliyotandikwa taulo ili asiteleze. Anza miguuni ukipanda juu. Tumia mkono mmoja kuinua manyoya, halafu uyaachilie kidogo kidogo huku ukiyachana kwa brashi, hadi uone mstari wa ngozi yenyewe. Watu wengi hupitisha brashi juu juu tu, manyoya yakang'aa, na wakadhani wamefaulu. Kipimo ni kitana cha chuma chenye meno yaliyoachana: kikipita kutoka kwenye ngozi hadi nchani bila kukwama, hapo umemaliza.

Ukikuta fundo, lishike kwenye shina kwa vidole viwili ili ngozi isivutwe. Linyunyizie unga laini wa mahindi, lipasuepasue kwa vidole, kisha uchane ukianzia nchani. Tafadhali usilikate kwa makasi. Ngozi ya mbwa huvutika na kuingia ndani ya fundo bila wewe kuiona, na wengi wamewakata mbwa wao majeraha ya kushonwa kwa njia hii. Mafundo yakiwa makubwa au mengi, mpeleke kwa daktari wa mifugo anyolewe kwa mashine.

Manyoya yanayokaribia kufika chini yanahitaji kuchanwa kila siku. Ikiwa huna nafasi hiyo, na wengi wetu hatuna, yapunguze yawe ya urefu wa sentimita mbili hivi kila baada ya wiki sita au nane. Mimi sioni aibu yoyote katika jambo hilo. Hata hivyo, usimnyoe hivyo mbwa wa aina ya Japanese Spitz au Pomeranian. Hawa wana manyoya ya tabaka mbili, na wakinyolewa sana huenda yasiote tena ipasavyo.

Wakati wa kuchana ndio pia wakati wa kukagua. Toa mbegu za kishona nguo kabla hazijawa chanzo cha fundo jipya. Tazama kati ya vidole na ndani ya masikio, ambapo kupe hupenda kujificha. Mshike kupe kwa kibano karibu na ngozi, umvute moja kwa moja, wala usimchome kwa kiberiti. Kupe huambukiza mbwa homa kali. Ukiona ufizi umekuwa mweupe, amekataa chakula, au mkojo wake ni kama chai isiyo na maziwa, usingoje kesho.

Baadhi ya watu huchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, wakaikadiria kwa macho na kumpaka mbwa. Wengine hutumia mafuta ya taa. Mbwa wa kilo nne hujilamba, na manyoya marefu hushika dawa nyingi, hivyo anaweza kulegea, kutapika, hata kufa. Nunua dawa ya mbwa inayopimwa kulingana na uzani wake.

Sasa unaweza kumwosha. Mara moja kila wiki tatu au nne inatosha, kwa maji ya vuguvugu na shampuu ya mbwa. Sabuni ya kufulia hukausha ngozi. Suuza hadi maji yatoke meupe, mkamue kwa taulo bila kumsugua, kisha umchane tena akiendelea kukauka hadi kwenye ngozi.

Kazi hii usimwachie mtoto. Mbwa mwenye maumivu huuma hata anayempenda. Akimwuma mtu, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitalini hata kama jeraha ni dogo, kwa maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Mbwa naye achanjwe kila mwaka.

Yule mtoto wa jirani yangu alilazimika kwenda kudungwa sindano mara kadhaa, kwa sababu cheti cha chanjo cha Simba kilikuwa kimepitwa na wakati kwa miezi miwili.